Anwani Chini ya Barua

Mnamo Aprili 1926, mhamiaji kutoka Luxembourg aitwaye Hugo Gernsback alitoa mjini New York toleo la kwanza la Amazing Stories, gazeti la kwanza la Kiingereza lililojazwa hadithi za kisayansi pekee. Gernsback alikuwa mtu wa redio na umeme. Alikuwa ameuza vipuri na kuchapisha magazeti ya mafundi, na aliamini kwamba hadithi tamu ingemfunza kijana fizikia bila mwenyewe kuhisi kuwa yumo darasani. Waandishi wengi aliowachapisha wamesahaulika. Kilichodumu ni uamuzi mmoja mdogo wa uhariri: alitenga kurasa za barua za wasomaji, na chini ya barua akachapa jina la aliyeiandika pamoja na anwani yake kamili.

Barua zenyewe zilikuwa na makali. Huyu analalamika kwamba gazeti limejaa hadithi za zamani za H. G. Wells na Jules Verne, naye anataka mpya. Yule anasema majalada ya Frank R. Paul, yenye rangi kali na mitambo mikubwa kuliko majumba, yanamtia haya akishika gazeti mbele za watu. Mwingine anapiga hesabu kuonyesha kwamba chombo cha mwandishi fulani kisingefika hata nusu ya safari. Wengi wao walikuwa vijana wa kiume na wa kike waliozoea kuchekwa shuleni kwa kusoma mambo ya sayari, na kila mmoja alidhani yuko peke yake mtaani kwao. Sasa walikuwa na majina na namba za nyumba. Waliacha kumwandikia mhariri, wakaanza kuandikiana.

Mwezi Mei 1930 wanachama wa klabu moja ya kuandikiana walitoa The Comet, kijarida kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha mashabiki. Vikafuata vingine vingi. Kazi yake haikuhitaji mtaji: taipureta ya kuazima, stensili, na mashine ya kudurufu iliyozungushwa kwa mkono hadi vidole vikajaa wino. Mjini New York, Julius Schwartz na Mort Weisinger walianzisha The Time Traveller mwaka 1932. Huko Cleveland, mwanafunzi wa sekondari Jerry Siegel na rafiki yake mchoraji Joe Shuster walitoa kijarida chao, na katika toleo la Januari 1933 wakaweka hadithi ya mtu mwenye nguvu zisizo za kawaida waliyemwita Superman. Wakati huo alikuwa mwovu. Baadaye walimgeuza kuwa mwema, na miaka mitano baada ya toleo hilo ulimwengu mzima ukamjua.

Miongoni mwa wasomaji hao wa New York alikuwamo Donald Wollheim, aliyezaliwa mwaka 1914. Hakuna mtu mwingine ambaye maisha yake yanaonyesha vizuri zaidi jinsi ushabiki ulivyojenga fasihi hii, kwa mazuri na kwa mabaya. Alikuwa na miaka 19 hadithi yake ya kwanza ilipotoka katika gazeti jingine la Gernsback, Wonder Stories, mwezi Januari 1934. Malipo hayakuja. Wollheim akauliza kwa wenzake, akagundua kuwa hata wao hawajalipwa, wakaungana na kumtafuta mwanasheria. Mwishowe walipewa dola 75 nje ya mahakama. Gernsback alikuwa ameanzisha chama cha mashabiki chini ya gazeti hilo hilo. Mwaka 1935 kikamfukuza Wollheim pamoja na wenzake wawili, John Michel na Will Sykora.

Kufukuzwa hakukumnyamazisha. Mwaka 1937 Wollheim alianzisha chama cha kubadilishana vijarida kilichofanya kazi kwa utaratibu rahisi: kila mwanachama anaandika kurasa zake, anazidurufu kwa idadi ya wanachama, anampelekea mtu mmoja aliyeteuliwa, naye anazikusanya na kumtumia kila mtu furushi zima. Furushi linalofuata huwa na majibu. Mabishano ya msimu mzima juu ya kitabu kimoja yangeweza kuendeshwa hivyo, watu wakiwa mbali maelfu ya maili, bila yeyote kumkatiza mwenzake.

Mwaka 1938 Wollheim, Michel na wenzao walijiita Futurians. Walikuwa maskini, wenye akili kali na ulimi mkali, na wengi wao walielemea siasa za mrengo wa kushoto. Ufashisti ulikuwa umeshika Ulaya, na wao walishikilia kwamba mtu anayesoma habari za wakati ujao hana budi kupigania wakati ujao wenye haki. Kundi la akina Sam Moskowitz, James Taurasi na Sykora, ambaye sasa alikuwa upande mwingine, lilisema siasa zikae nje; watu wamekuja kwa ajili ya hadithi. Kila upande ulikuwa na vijarida vyake, na matusi yalichapwa bila kupunguzwa.

Jumapili ya tarehe 2 Julai 1939 mambo yakafika mlangoni. Kundi la Moskowitz lilikuwa limeandaa katika ukumbi wa Caravan Hall, Manhattan, kongamano la kwanza la dunia la wapenzi wa hadithi za kisayansi, lililopewa jina kutokana na Maonyesho ya Dunia yaliyokuwa yakiendelea jijini. Watu kama 200 walifika. Ray Bradbury, aliyekuwa na miaka 18 na hana kitu, alisafiri kwa basi kutoka Los Angeles kwa mkopo wa shabiki mwenzake Forrest Ackerman, amebeba michoro ya rafiki yake Hannes Bok ili awaonyeshe wahariri. Ackerman mwenyewe aliingia amevaa mavazi ya wakati ujao, joho na yote, na kando yake alikuwa Myrtle Douglas, aliyejulikana kwa jina la Morojo, amevaa yake. Ni Morojo aliyeyabuni na kuyashona mavazi yote mawili. Leo maelfu ya watu huhudhuria makongamano wakiwa wamevaa kama wahusika wawapendao, na mara nyingi sifa humwendea Ackerman. Haki ni kuanza na yule mwanamke aliyekaa na sindano.

Kabla kikao hakijaanza, waandaaji waligundua marundo ya kijitabu cha karatasi za njano kilichoonya kwamba kongamano linaendeshwa kidikteta. Kiliandikwa na Dave Kyle, mmoja wa Futurians, lakini lawama ziliwaangukia wenzake waliokuwa mlangoni. Moskowitz aliwataka waahidi kutofanya vurugu. Sita wakakataa kuapishwa kama wahalifu: Wollheim, Michel, Frederik Pohl, Cyril Kornbluth, Robert Lowndes na Jack Gillespie. Wakazuiwa. Isaac Asimov, mwenye miaka 19, alikuwa mwenzao lakini aliruhusiwa, akaingia. Baadaye aliandika kwamba jambo hilo lilimsumbua dhamiri. Kyle, aliyeandika kijitabu chenyewe, naye alikuwa ndani.

Ni rahisi kuuona ugomvi huo kuwa wa kitoto, na kweli wengi wao hawakuwa wametimiza miaka 25. Lakini swali walilogombania lilikuwa zito: je, fasihi ya kubuni inaweza kukaa mbali na dunia ambamo inasomwa? Mashabiki wamelirudia kila kizazi, na bado halijapata jibu moja.

Waliofungiwa nje ndio walioshika kalamu za wahariri. Pohl alipata kazi ya kuhariri magazeti mawili kabla hajatimiza miaka 20. Wollheim alihariri magazeti mawili mwaka 1941 bila bajeti ya kununua hadithi, akaomba rafiki zake wamwandikie bure. Mwaka 1943 alikusanya mkusanyo wa hadithi za kisayansi kwa ajili ya kitabu cha mfukoni, na mwaka 1952 akaanza kazi katika kampuni mpya ya Ace. Huko alichapisha vitabu vya bei ndogo vilivyouzwa kwenye maduka ya dawa na vituo vya mabasi, viwili ndani ya jalada moja, kila kimoja kikianza upande wake. Riwaya ya kwanza kuchapishwa ya Philip K. Dick, mwaka 1955, ilipitia mikononi mwake; ya Ursula K. Le Guin, mwaka 1966, vilevile.

Kati ya miaka hiyo miwili likatokea jambo lililotikisa wasomaji wa Marekani kuliko kongamano lolote.

J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alikuwa profesa wa Oxford. Naye alikuwa na baraza lake. Kundi la marafiki lililojiita Inklings lilikutana katika vyumba vya C. S. Lewis na katika baa ya Eagle and Child, wakisomeana miswada na kukosoana bila huruma. Lewis alipokea kila sura ya The Lord of the Rings kwa hamu, akamsukuma mwenzake asiache. Mwenzao Hugo Dyson hakuificha chuki yake juu ya kazi hiyo. Kitabu kilitoka katika majuzuu matatu mwaka 1954 na 1955, kwa jalada gumu na bei ya kuumiza. Mshairi W. H. Auden alikisifu, mhakiki Edmund Wilson alikiponda mwaka 1956. Mashabiki wa Los Angeles wakaunda chama chao cha kwanza cha Tolkien mwaka 1960, na kijarida chake. Bado walikuwa wachache.

Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya wakati ule iliwabana wachapishaji wa nje. Kitabu cha Kiingereza kilichochapwa ng'ambo kikiingizwa kupita nakala 1,500, kilipaswa kuchapwa ndani ya nchi, la sivyo ulinzi wake ungeweza kutiliwa shaka. Wachapishaji wa Tolkien wa Marekani walikuwa wameingiza zaidi. Wollheim akaliona pengo hilo. Binti yake Betsy alikuja kusimulia kwamba baba yake aliomba ruhusa kwanza na kukataliwa. Vyovyote iwavyo, mwaka 1965 Ace ilitoa majuzuu yote matatu kwa jalada laini, senti 75 kila moja, bila idhini ya mwandishi na bila kumlipa.

Wanafunzi waliyanunua kwa pupa. Kwa mara ya kwanza kijana asiye na fedha aliweza kuimiliki hadithi nzima, na wengi waliokuja kuiandika fantasia ya Kimarekani waliipata kwa njia hiyo. Hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba Wollheim alikosa, na alikosa akijua ladha ya kosa lenyewe, kwa kuwa alishawahi kuwa kijana anayedai hadithi yake ilipwe.

Silaha ya Tolkien ilikuwa barua. Mashabiki wa Marekani walimwandikia kwa wingi, naye alipowajibu akawaeleza kwamba toleo la Ace limetoka bila ridhaa yake, akiwaomba wawaambie na wenzao. Wakaambiana. Mwezi Oktoba 1965 kampuni ya Ballantine ilitoa toleo lililoidhinishwa kwa senti 95, mgongoni likiwa na maneno ya Tolkien mwenyewe akiwasihi wanaojali heshima ya waandishi walio hai wanunue hilo na si jingine. Msomaji aliombwa aongeze senti 20 kwa ajili ya haki ya mtu aliye ng'ambo ya bahari, na wasomaji wakaziongeza. Chama kipya cha waandishi wa hadithi za kisayansi nacho kikapaza sauti. Ace ilikuwa imeuza nakala kama 100,000, lakini mwaka 1966 ilikubali kulipa mrabaha na kutochapa tena, huku toleo la Ballantine likipita milioni moja.

Mwaka huo huo wa 1965 kijana wa shule wa New York, Richard Plotz, aliunda chama cha Tolkien cha Marekani. Vikao vyake vilivuta watu wa kila namna. Mwezi Desemba Auden mwenyewe alihudhuria kikao kimoja huko Brooklyn, akawaambia vijana kwamba nyumba ya Tolkien inachukiza kwa ubaya. Maneno yakachapishwa gazetini, na mzee kule Oxford akaumia. Mashabiki wengine walimpigia simu kutoka California jioni yao, ambayo kwake ilikuwa saa tisa usiku. Mwaka 1968 alihama mji.

Mauzo hayo yaliwafungua macho wachapishaji. Ballantine ilifufua vitabu vya kale vya fantasia, na mwaka 1977 riwaya ya Terry Brooks, The Sword of Shannara, ikauzwa kama maandazi ya moto asubuhi, ingawa wasomaji wengi walilalamika kwamba imemfuata Tolkien hatua kwa hatua. Tangu hapo fantasia ya mfululizo, juzuu baada ya juzuu, ikawa biashara yenye rafu yake dukani.

Wakati huo wasomaji wengine hawakuridhika kusoma. Walitaka kuingia ndani. Huko Lake Geneva, Wisconsin, Gary Gygax alikuwa mpenzi wa michezo ya vita ya mezani, na kwa muda alijikimu kwa kutengeneza viatu nyumbani. Mwezi Agosti 1968 alikodi ukumbi mmoja mjini humo kwa dola 50, akawaita wenzake. Watu kama mia moja wakaja, na mkutano huo, Gen Con, unaendelea hadi leo. Huko Minnesota, Dave Arneson aliendesha mchezo ambao kila mchezaji anakuwa mtu mmoja badala ya kuongoza jeshi. Mwezi Januari 1974 wawili hao walitoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 zilizopangwa kwa mkono ndani ya maboksi na kuuzwa dola 10. Mmoja anasimulia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, dadu inaamua.

Wachezaji hao walikuwa na mengi ya kubishania. Mjini Los Angeles mashabiki walikuwa na furushi lao la vijarida la kila wiki, kwa utaratibu ule ule wa mwaka 1937, na likaanza kufurika habari za mchezo huu. Ili wapenzi wa vitabu wapate nafasi yao, Lee Gold alianzisha mwaka 1975 furushi la pekee kwa ajili ya mchezo, Alarums and Excursions. Lilitoka mwezi baada ya mwezi kwa karibu nusu karne, akilisimamia mwenyewe, na ndani yake kanuni za michezo mingi zilijaribiwa, zikakosolewa na kuboreshwa kabla hazijafika dukani. Gygax naye mwaka 1979 aliorodhesha waandishi waliomchochea. Baadhi yao, kama Andre Norton na Jack Vance, walikuwa wamefika kwenye rafu za bei nafuu kwa mkono wa Wollheim. Norton alicheza mchezo huo na Gygax, kisha akaandika Quag Keep, riwaya ya mwaka 1978 kuhusu wachezaji wanaojikuta ndani ya dunia ya mchezo.

Na zile anwani? Julius Schwartz, kijana wa The Time Traveller, alikuwa mhariri wa vitabu vya katuni katika kampuni ya DC. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akakumbuka kilichompa marafiki ujanani, akaanza kuchapa anwani kamili za wasomaji. Marvel nayo ikafanya hivyo. Mwezi Novemba 1963 gazeti la Fantastic Four lilichapa barua ya kijana wa miaka 15 kutoka Bayonne, New Jersey, George R. R. Martin. Kwa kuwa anwani ilikuwapo, wenye vijarida wakamtafuta, naye akaanza kuwaandikia hadithi zake za kwanza.

Wollheim aliondoka Ace mwaka 1971 na pamoja na mkewe Elsie akaanzisha kampuni yake, DAW. Mwaka 1988 kampuni hiyo ilitoa The Dragonbone Chair ya Tad Williams, juzuu la kwanza la mfululizo mrefu. Martin ameeleza mara nyingi kwamba kuusoma mfululizo huo kulimshawishi kwamba fantasia kubwa inaweza kuandikwa kwa ajili ya watu wazima. A Game of Thrones ilitoka mwaka 1996. Wasomaji wake wakawa makini kuliko yeye. Elio García na Linda Antonsson, mashabiki wanaoishi Sweden, walishika nasaba na tarehe za dunia hiyo kiasi kwamba Martin akawa anamuuliza García kabla ya kuandika. Mwaka 2014 walitoa pamoja naye kitabu cha historia ya dunia hiyo, majina yote matatu yakiwa kwenye jalada. Huko nyuma, Robert Jordan alipofariki mwaka 2007 bila kumaliza mfululizo wa The Wheel of Time, mjane wake na mhariri wake, Harriet McDougal, alisoma maombolezo yaliyoandikwa na msomaji aliyekua na vitabu hivyo, Brandon Sanderson. Akamkabidhi kazi. Juzuu la mwisho lilitoka Januari 2013.

Wollheim alifariki mwaka 1990, Betsy akiwa ameshachukua usukani wa DAW. Chini yake, mwaka 2010, kampuni ilichapisha Who Fears Death ya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye wazazi Waigbo wa Nigeria, riwaya inayotokea katika Sudan ya siku zijazo. Mwaka 2011 ilishinda tuzo ya dunia ya fantasia, na Okorafor akawa mwandishi mweusi wa kwanza kuipata kwa riwaya. Tuzo yenyewe, tangu mwaka 1975, ilikuwa sanamu ya kichwa cha H. P. Lovecraft, bingwa wa hadithi za kutisha, mwandishi wa barua kwa maelfu, ambaye kijana Wollheim aliwahi kuchapisha maandishi yake katika kijarida chake. Rafiki mmoja akamwonyesha Okorafor shairi la Lovecraft la mwaka 1912 linalowatukana watu weusi. Akaandika waziwazi uzito wa kuwa na kichwa hicho nyumbani kama heshima kuu ya kazi yake, akawataka wenzake waijadili historia hiyo badala ya kuifunika.

Wakaijadili kwa miaka minne. Mwaka 2014 mwandishi Daniel José Older alikusanya saini za kutaka sanamu ibadilishwe. Wengine walijibu kwamba Lovecraft alienziwa kwa sanaa yake, si kwa chuki zake. Mwezi Novemba 2015 waandaaji walitangaza kuiacha sanamu hiyo. S. T. Joshi, mtafiti mzaliwa wa India aliyetumia maisha yake kumsoma Lovecraft, alirudisha tuzo zake mbili kwa kupinga, akaandika barua kueleza sababu.